Mwalimu wa Padri wa Ars

Jina la Mtakatifu Jean-Marie Vianney, padri wa kijiji cha Ars katika nchi ya Ufaransa, mmelisikia. Alikufa mwaka 1859, na tangu mwaka 1929 Eklezya imemweka kuwa msimamizi wa maparoko wote. Lakini tukiwauliza Wakristu ni nani aliyemfundisha Kilatini na teolojia, wengi watanyamaza. Mtu huyo aliitwa Padri Charles Balley. Hakuwa mkubwa wa seminari. Alikuwa paroko wa Écully, karibu na mji wa Lyon, naye aliwafundisha vijana wachache nyumbani mwake. Bila yeye, Jean-Marie angalibaki mkulima siku zote za maisha yake. Basi leo napenda kuwasimulieni maisha ya Mtakatifu huyu kwa upande usiotajwa sana: jinsi alivyokuwa mwanafunzi mzito, na jinsi alivyompata mwalimu aliyemfaa.

Jean-Marie alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly. Baba yake, Matthieu Vianney, alikuwa mkulima. Mtoto alipokuwa na miaka 3, mapinduzi makubwa yalianza Ufaransa, na baada ya muda mfupi serikali ikawadai mapadri waape kiapo kilichowatenga na Baba Mtakatifu. Waliokataa waliwindwa kama wahalifu. Makanisa yalifungwa. Mama yake Jean-Marie alimfundisha sala, na watu wa nyumbani walikwenda usiku kusikiliza Misa ghalani au katika nyumba za marafiki, wakihofu kusikiwa. Mwaka 1799, alipokuwa na miaka 13, alipokea Komunyo ya kwanza huko Écully ndani ya nyumba ya mtu, madirisha yamefungwa, na magari ya majani makavu yamesimamishwa mbele ya madirisha ili wapitao wasione mwanga wa mishumaa.

Kwa habari ya shule, aliyopata yalikuwa machache sana. Mwaka 1795 mwalimu mmoja alifungua shule kijijini, naye Jean-Marie akaenda wakati wa baridi, akajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Hali ya hewa ilipokuwa njema, shamba lilimwita. Alichunga kondoo na punda, kisha alipopata nguvu alishika jembe, akalima mizabibu pamoja na kaka yake. Ninyi wasomaji mnajua jambo hili bila kuelezwa: mkono unaozoea jembe unaisahau kalamu.

Lakini moyoni alikuwa na hamu moja, kuwa padri. Alipomwambia baba yake, alikataliwa. Baba hakuwa mtu mbaya. Alihitaji mikono ya mwanawe shambani, na masomo yalidai fedha. Mambo yakakaa hivyo miaka kama miwili, hata baba alipokubali. Sasa Jean-Marie alikuwa karibu na miaka 20, naye hajui hata neno moja la Kilatini. Ni shule gani ingempokea?

Padri Balley alikuwa amezaliwa mwaka 1751. Wakati wa mapinduzi alikataa kiapo, akajificha mjini Lyon, akawapelekea Wakristu sakramenti kwa siri, huku kichwa chake kikiwa hatarini kila siku. Amani iliporudi, mwaka 1803 alipewa parokia ya Écully. Akaona jinsi mapadri walivyokuwa wachache: wengine waliuawa, wengine walizeeka, na kwa miaka mingi hapakuwa na seminari. Akaanza kuwafundisha vijana katika nyumba yake ya paroko. Hakungoja majengo.

Mama na shangazi wa Jean-Marie walikwenda kumwomba ampokee kijana wao. Padri akakataa. Alisema kazi zimemzidi, hawezi kuongeza mwanafunzi. Basi akatumwa shemeji ya Jean-Marie, naye akaomba jambo dogo zaidi: Padri amwone tu kijana, halafu aamue. Hapo Padri Balley akakubali. Jean-Marie akaletwa, mwembamba, mwenye aibu na mikono ya mkulima. Padri hakuanza na sarufi. Alimwuliza habari za dini, akaona kwamba kijana yule aliyajua vema mambo ya imani, tena aliyapenda. Akampokea, akamwambia asiwe na hofu, kwa maana ikihitajiwa atajitoa mwenyewe kwa ajili yake. Watu husema maneno kama hayo kwa urahisi siku ya kwanza. Padri Balley aliyatimiza kwa muda wa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 1806, basi, Jean-Marie alihamia Écully kwa shangazi yake, akaanza masomo. Lo! mateso yake. Jambo alilolisoma jioni lilikuwa limetoroka asubuhi. Watoto wenzake walicheka majibu yake. Mmoja wao aliitwa Mathias Loras, mvulana ambaye hajatimiza miaka 15, mwenye akili nyepesi. Padri alikuwa amemweka amsaidie yule mkubwa katika kujifunza. Siku moja Mathias alimweleza jambo lile lile mara nyingi, naye Jean-Marie hakuelewa. Mvulana akakasirika, akampiga kofi mbele ya wenzake. Jean-Marie naye alikuwa na hasira kwa tabia yake, na mkono wake ulikuwa mkono wa mtu mzima. Lakini alipiga magoti mbele ya mtoto yule, akamwomba radhi kwa uzito wa akili yake. Mathias akalia, akamkumbatia, na tangu hapo wakawa marafiki. Mathias huyo baadaye alikwenda Marekani, na mwaka 1837 akapewa kuwa askofu wa kwanza wa Dubuque.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza, sikumwazia Jean-Marie, nilijiwazia mimi. Mtu anayelijua jambo kwa urahisi haoni kwa nini mwingine halijui. Hudhani ni uvivu, au ukaidi. Mathias alikuwa na elimu kuliko Jean-Marie, wala si mtoto mbaya, lakini hakuwa bado mwalimu. Padri Balley alikuwa na miaka zaidi ya 50, kazi za parokia nzima zilimngoja, na kila siku alilieleza tena lile ambalo jana alikuwa amelieleza.

Jean-Marie alijaribu kuushinda uzito wake kwa kufunga na kukesha. Alikula kidogo mno, akadhoofika. Mwisho moyo ulimvunjika, akamwambia Padri kwamba anataka kurudi nyumbani. Padri Balley hakumkemea. Aliona kwamba si masomo tu yanayomlemea, ni huzuni. Alimkumbusha kwamba baba yake atafurahi sana kumwona amerudi shambani, kisha ndoto yake yote itakuwa imekwisha, na zile roho alizotaka kuziokoa zitabaki bila yeye. Hakusema zaidi. Jean-Marie hakuondoka.

Aliweka nadhiri ya kwenda kuhiji La Louvesc, kwenye kaburi la Mtakatifu François Régis, kwa miguu na kwa kuomba chakula njiani. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 100, nao ulikuwa mgumu, maana watu walimwona kijana mwenye nguvu anayeomba mkate, wakamdhani mwizi au mtoro. Aliporudi, masomo yalimwendea vizuri kidogo. Nasema kidogo. Hakugeuka kuwa mwenye akili nyepesi kwa siku moja, ila alipata nguvu za kuendelea bila kukata tamaa, na mwalimu wake akapata mahali pa kujengea.

Mwaka 1809 vita ya Napoleon iliwataka vijana. Wanafunzi waliojiandaa kwa upadri walisamehewa uaskari, lakini jina la Jean-Marie lilikosekana katika orodha. Akaitwa. Akawa mgonjwa, akalazwa hospitali, kikosi chake kikatangulia kwenda upande wa Hispania, naye akaachwa nyuma. Njiani alikutana na mtu aliyemwongoza mpaka kijiji cha milimani kiitwacho Les Noës, ambako watoro walijificha. Huko alikaa mwaka mzima na zaidi kwa jina la uongo, katika nyumba ya mama mjane. Mambo ya utoro huo yamejadiliwa sana na waandishi, nami siyaingii. Nataka kutaja hili tu: yule aliyechekwa na watoto huko Écully, huko Les Noës aliwafundisha watoto kusoma na katekismu wakati wa jioni. Msamaha ulipotolewa, mdogo wake akaingia uaskari mahali pake, wala hakurudi tena.

Mwanzo wa mwaka 1811 Jean-Marie alirudi nyumbani, na baada ya majuma machache mama yake akafa. Padri Balley hakuwa amempa mtu mwingine nafasi yake. Safari hii alimchukua kukaa naye katika nyumba ya paroko. Akawa mwanafunzi, mtunza bustani, mtumishi wa Misa, na mwenzake wa safari alipokwenda kwa wagonjwa. Mafundisho hayakuwa mezani tu. Walipotembea, Padri alimwuliza maswali, na kijana alijibu akiwa anakwenda, bila hofu ya kuchekwa na mtu.

Kisha alipaswa kwenda katika shule za wenzake. Mwaka 1812 alipelekwa seminari ndogo ya Verrières, na mwaka uliofuata seminari kubwa ya Lyon. Hapo masomo yote ya teolojia yalifundishwa kwa Kilatini. Mwalimu alinena kwa Kilatini, aliuliza kwa Kilatini, na jibu lilitakiwa liwe la Kilatini. Jean-Marie aliketi, akasikia sauti tu. Baada ya miezi michache wakubwa walimwita, wakamwambia kwa huzuni kwamba hafai, arudi kwao.

Fikirini, ndugu zangu, hali yake. Alikuwa na miaka kama 27. Mama yake amekufa, mdogo wake amepotea vitani kwa ajili yake, na mlango umefungwa usoni pake. Alikwenda kwa rafiki yake aliyekuwa katika shirika la Mabruda wa Shule za Kikristu, akamwambia kwamba sasa anataka kuwa bruda, maana kwa kazi ile Kilatini hakihitajiwi. Halafu akaenda Écully kumwaga machozi yake mbele ya mwalimu wake.

Hapa ndipo naona ualimu wa Padri Balley ulipokuwa mkubwa kupita siku zote. Mwalimu mwingine angaliweza kusema: nimefanya yote niwezayo, seminari imeamua, mwenye kosa ni mwanafunzi. Tena angaliweza kujitetea kwamba hakumfundisha vibaya. Padri Balley hakujitetea wala hakulaumu. Alimwambia aandike barua kwa yule bruda kuacha shauri lile. Kisha akatafuta ni nini hasa kinachomzuia kijana. Aliona kwamba kizuizi hakikuwa teolojia, kilikuwa lugha. Jean-Marie aliyaelewa mambo ya Mungu, lakini Kilatini kilisimama kati yake na kitabu kama ukuta. Basi Padri akakiweka Kilatini kando, akachukua kitabu cha teolojia kilichoandikwa kwa Kifaransa, kiitwacho Rituel de Toulon, akaanza naye upya kutoka ukurasa wa kwanza, kwa lugha ya nyumbani kwao. Kilatini walikirudia baadaye, polepole, kadiri ya maneno yanayohitajiwa.

Mimi nimefundisha katika shule ya msingi ya misioni kwa miaka kadhaa, na jioni nawapokea wakatekumeni watu wazima. Siku moja nilimwuliza mzee mmoja swali la katekismu kwa maneno yale yale ya kitabu. Alinyamaza. Nilimwuliza tena. Alinyamaza, nami nikaandika karibu na jina lake kwamba hajui. Kesho yake nikamkuta njiani akimweleza mjukuu wake, kwa lugha ya kwao, kwa nini Yezu alikubali kufa, naye alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi darasani. Niliifuta ile alama. Padri Balley hakungoja kukutana na mwanafunzi wake njiani.

Miezi kama mitatu baadaye, mwaka 1814, Jean-Marie alikwenda Lyon kwa mtihani. Alikalishwa mbele ya mapadri wakubwa wenye elimu, akaulizwa kwa Kilatini. Akashikwa na hofu, maneno yakamchanganyikia, akajibu vibaya, au hakujibu. Wale mapadri hawakuwa wakali; walisikitika. Walisema wanaweza kumruhusu atafute jimbo lingine litakalompokea, lakini wao hawawezi kumpokea.

Akarudi Écully tena. Kesho yake Padri Balley alifunga safari kwenda Lyon, akamwendea Padri Bochard, mmoja wa wasaidizi wa askofu aliyekuwa katika mtihani ule. Hakuomba mwanafunzi wake apewe cheti kwa upendeleo. Aliomba aulizwe upya, mahali asipoogopa, kwa lugha anayoielewa. Padri Bochard, pamoja na mkubwa wa seminari, wakakubali kuja wenyewe mpaka nyumba ya paroko ya Écully. Wakamwuliza Jean-Marie teolojia kwa Kifaransa, katika chumba kile alimozoea kusoma. Alijibu vema, nao wakaridhika. Maswali hayakuwa mepesi kuliko yale ya kwanza.

Neno la mwisho lilikuwa la Padri Courbon, aliyeongoza jimbo kwa sababu askofu mkuu alikuwa mbali. Yeye hakuuliza habari za sarufi. Aliuliza kama kijana ana ibada, kama anaisali Rozari, na alipoambiwa kwamba katika mambo hayo ni mfano kwa wengine, alimwita kwenye daraja takatifu, akitumaini neema ya Mungu itakamilisha yaliyobaki. Jean-Marie alipadirishwa mjini Grenoble tarehe 13 Agosti 1815. Alikwenda huko peke yake, kwa miguu, akipita kati ya askari wa kigeni waliokuwa wameingia nchini, na mkobani mwake alichukua chakula kidogo na nguo ya Misa.

Mngedhani kwamba hapo kazi ya mwalimu imekwisha. Siyo. Padri mpya alipewa kuwa msaidizi wa Padri Balley pale pale Écully, na masomo yakaendelea. Kwa miezi kadhaa hakuruhusiwa kuungamisha. Mkuu wake alizidi kumfundisha jinsi ya kuongoza roho za watu, akimwekea mfano wa jambo gumu na kumtaka aseme angeamua namna gani. Ruhusa ilipokuja, mtu wa kwanza kupiga magoti kwake na kuungama alikuwa Padri Balley. Nimelifikiri sana jambo hilo. Mwalimu mwenye nywele nyeupe alikwenda kupiga magoti mbele ya yule aliyefukuzwa seminari, akampa dhambi zake azihukumu.

Walifunga pamoja kupita kiasi, mpaka wakawa kichekesho kwa mapadri wa karibu. Yasemwa kwamba Padri Balley alimshtaki msaidizi wake kwa wakubwa kwamba anajitesa mno, na msaidizi naye akaenda kumshtaki Padri Balley kwa kosa lile lile. Wakubwa waliwacheka wote wawili, wakawarudisha kwao.

Padri Balley alishikwa na kidonda mguuni, akaugua muda mrefu, akafa mwezi wa Desemba 1817 mikononi mwa mwanafunzi wake. Majuma machache baadaye, Februari 1818, Jean-Marie alitumwa Ars, kijiji chenye watu wapatao 230 tu. Yaliyotokea huko yanajulikana. Aliwafundisha watoto na watu wazima katekismu kila siku, kwa maneno ya shamba, ya mizabibu na ya kondoo, nao walioelimika wakaja kukaa pamoja na wakulima ili wasikilize. Mwaka 1824 alifungua shule ya wasichana maskini, ikaitwa Providence. Katika miaka yake ya mwisho mahujaji walifika makumi ya maelfu kwa mwaka, naye aliketi katika kiti cha maungamo saa nyingi za mchana na za usiku, akiwaamulia watu mambo magumu ya dhamiri, kazi ile aliyojifunza katika matembezi ya Écully.

Mwalimu wake alimtaja katika Misa yake kila siku. Alipomtaja mbele ya watu, mara nyingi alitokwa na machozi. Aliwagawia maskini karibu kila kitu kilichoingia nyumbani mwake: nguo, viatu, vitanda, hata vyakula vyake. Lakini chumbani mwake huko Ars palikuwa na kioo kidogo kilichokuwa mali ya Padri Balley, nacho hakukubali kukitoa kwa mtu yeyote. Yeye hakuwa mtu wa kujitazama. Walipomwuliza sababu, alijibu kwamba kioo kile kiliuonyesha uso wa mwalimu wake.